Bi Atuganile, Mwuza Hisa Aliyeikusanya Mashine ya Mwazye

Bi Atuganile Mwakibete anastaafu tarehe 30 Juni 1983, baada ya kuutumikia Umoja wa Mashine za Kusaga wa Ufipa kwa miaka ishirini na mmoja akiwa wakala wa hisa. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Flavian, fundi mkuu wa mitambo, niandike wasifu wake, kwa hoja kwamba fundi huandika kwa kifupi. Wamekosea mtu. Kwanza, mama huyu namfahamu mno. Pili, kuna maneno yanazungushwa hapa mjini Sumbawanga kuhusu mashine ya Mwazye, mengine ya uongo mtupu, na mimi nilikuwepo. Leo nimepewa karatasi, nitayanyoosha.

Mama huyu ni mzaliwa wa Tukuyu. Alifika Sumbawanga akimfuata mumewe, marehemu Ndugu Ambwene, aliyekuwa bwana afya, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupanda migomba nyuma ya nyumba ya serikali. Upepo wa Ufipa haukumwonea haya. Majani yalichanika kama matambara, mikungu haikuonekana, lakini kila mwaka alipanda tena. Sisi Wafipa tulimtania kwamba analima kamba. Naye alijibu kwamba mtu aliyezaliwa kwenye ugali wa ulezi hawezi kujua anachokosa. Mpaka leo migomba ipo, na mpaka leo haijazaa.

Mwaka 1962 Umoja ulikuwa unatafuta mtu anayejua kusoma, kuandika na kuendesha baiskeli. Wanaume waliojua yote matatu walikuwa wanakimbilia kazi za serikali. Bi Atuganile alikuwa anajua mawili. Aliomba kazi hiyo hivyo hivyo, akajifunza baiskeli kwenye kiwanja cha mpira huku wanafunzi wakimshangilia, na siku ya kuanza kazi alifika ofisini na kovu kwenye goti, akiwa amekanyaga pedali mwenyewe tangu nyumbani.

Wageni wetu watauliza wakala wa hisa hufanya nini. Mashine zetu hazina tajiri. Kila moja ni mali ya watu wanaosagia pale, na umiliki wake umekatwa katika hisa. Sasa, mwalimu anahamishwa, anataka kuuza hisa yake. Mzee amechoka kulima, anataka kuuza. Na huku kuna kijana ameoa anataka kununua. Hawa hawajuani. Mmoja yuko Matai, mwingine yuko bondeni huko hata njia ya gari haijafika. Bi Atuganile ndiye aliyewajua wote, akawakutanisha, akapatanisha bei bila kumlalia yeyote, na akaandika uhamisho. Tunasikia kwamba huko Nairobi kazi hiyo hufanywa na mabwana wenye tai, wakiwa wamekaa. Wetu aliifanya kwa baiskeli, mvua ikinyesha.

Alikuwa na sharti lake moja ambalo hakulikunja kwa mtu yeyote. Hisa haiuzwi kwa kutumana. Mwuzaji na mnunuzi waje wote wawili, wasimame mbele ya mashine, waweke mikono juu yake, ndipo yeye atoe kalamu. Bwana mmoja wa Matai aliwahi kumwita akipita mlangoni mwa kilabu cha pombe, akitaka auziwe hisa yake hapo hapo kwa mtu waliyekuwa wanakunywa naye. Bi Atuganile alimwambia aende nyumbani akalale, siku atakayoamka arudi na mkewe. Bwana alikaa miezi kadhaa ndipo akarudi na mkewe. Hisa iliuzwa kweli siku hiyo. Aliyenunua ni mkewe.

Si kwamba kila mtu alimpenda. Siasa za Ujamaa zilipopamba moto, kijana mmoja mwenye bidii alisimama mkutanoni akasema kwamba anayepita kati ya mwuzaji na mnunuzi ni dalali, na dalali ni kupe. Neno hilo halikuwa la mchezo siku zile. Bi Atuganile alinyanyuka, akainua gauni kidogo, akaonyesha vifundo vya miguu vilivyovimba kwa baiskeli. “Kijana wangu,” alisema, “kupe akishiba hunenepa. Hebu niangalie vizuri, halafu uwaambie ndugu hawa damu niliyonyonya iko wapi.” Yule kijana aliketi kabla ya watu kumaliza kucheka. Mwaka uliofuata alinunua hisa.

Sasa nije Mwazye, maana ndiko neno liliko.

Mashine ya Mwazye ilisimikwa mwaka 1965, na hisa zake zilikuwa ngumu kuuzika. Watu walikuwa wanaelewa ng'ombe, wanaelewa shamba, lakini kitu kinachoitwa hisa, ambacho hakishikiki wala hakiliwi, kiliwashinda. Bi Atuganile alihubiri wiki nzima bila kupata hata mtu mmoja. Siku moja, kwa kuchoka, alimshika mkono Mzee Polikarp, mkulima mwenye heshima zake pale kijijini, akauweka juu ya gurudumu la injini. Akamwambia, mzee, ukinunua hisa, kipande cha mashine hii ni chako. Mzee Polikarp akalipapasa lile gurudumu, akatabasamu, akanunua. Kufikia jioni hisa zote zilikuwa zimekwisha.

Kumbe kila mtu alikuwa amenunua kipande. Mzee Polikarp alikuwa na gurudumu. Mwingine alikuwa na mkanda, mwingine bomba la moshi, mwingine mdomo wa kumwagia nafaka. Bertilla, mjane aliyekuwa anakaa jirani na banda la mashine, alichukua hendeli ya kuwashia, naye aliondoka nayo kila jioni akalala nayo ndani. Mwendesha mashine hakuweza kuanza kazi mpaka apige hodi kwa Bertilla, atoe shikamoo, aulizie hali ya mbuzi wake, ndipo apewe.

Nakiri kwamba mimi fundi nilifurahi. Sijapata kuona mashine safi kama ile. Kila mtu alifuta chake. Mzee Polikarp alilipaka gurudumu lake mafuta ya nyonyo kila Jumamosi kama anayeandaa mtoto kwenda kanisani. Bi Atuganile alipogundua kilichotokea alijaribu kuwaeleza upya. Walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha togwa, na kesho yake wakaendelea kufuta. Mashine ilikuwa inasaga, hakuna aliyelalamika. Akaliacha lilivyo, na hilo tu ndilo jambo ninalojua aliwahi kuliacha nusu.

Mwaka 1974 watu walihamia vijiji vipya. Mwazye ya zamani, iliyokuwa imetawanyika mashambani, ikagawanyika, watu wakaenda vijiji vitatu, kila ukoo na upande wake. Na kila mtu, alipofunga mikeka, vyungu na kuku, alifunga pia mali yake nyingine. Walikuja bandani na spana, tena kwa amani kabisa, wakisaidiana kulegeza nati. Nilipofika mwezi wa nane kufanya ukaguzi nilikuta tumbo la injini limebaki peke yake katikati ya banda, kwa kuwa lilikuwa zito na halikuwa na mwenyewe. Kuku walikuwa wametaga ndani yake.

Nilicheka. Nasema kweli, nilikaa chini nikacheka. Bi Atuganile hakucheka. Kanuni ya Umoja wetu ilikuwa wazi: mashine iliyonyamaza msimu mzima hufutwa, na hisa zake hufa nayo. Kamati ilimpa muda mpaka mvua za kwanza. Na huku wanawake wa vijiji vitatu walikuwa wamerudi kwenye jiwe. Tulimkuta Bertilla amepiga magoti juu ya jiwe la kusagia, bega moja limefungwa kitambaa, anasaga ulezi wa siku moja kwa nusu ya siku. Bertilla hakumlaumu. Alimpa kigoda akae. Tuliporudi barabarani Bi Atuganile aliniambia, “Flavian, hisa zile zikifa, mimi nimewaibia wale watu. Walinunua mdomo wangu.” Kisha akapanda baiskeli.

Alianza kwa Mzee Polikarp. Akampa shikamoo, akaeleza kwa upole kwamba gurudumu lirudi. Mzee alikuwa amelisimamisha karibu na kitanda, limefunikwa kanga. “Mama,” alisema, “ni wewe uliyeuweka mkono wangu hapa. Nilikuamini siku ile. Leo unataka niamini lipi?” Kila nyumba alikoingia alikutana na neno lile lile, kwa heshima ile ile, na togwa. Zaidi ya hapo, kila kijiji kilitaka mashine isimame kwake, na hakuna aliyekuwa tayari kupeleka mali yake kwa majirani.

Nilimshauri aende kwa wakubwa walete amri. Alinitazama hivi, nikajuta kufungua mdomo. Alisema kwamba mashine ya kuamriwa itasaga siku ya mkutano tu. Baada ya siku mbili tatu akaniambia kwamba amekuwa akiwahubiria watu wakati kazi yake si kuhubiri. Kazi yake ni kutafutia mali ya watu mnunuzi. Basi ataitafutia.

Alimwomba katekista atangaze: Jumapili baada ya Misa, kila mwenye kipande cha mashine akilete nje ya kanisa la Mwazye, wakala yuko tayari kumtafutia mnunuzi kwa bei nzuri. Watu walikuja kutoka vijiji vyote vitatu. Walitandika mikeka, wakapanga vyuma vyao, vimefutwa vinang'aa, kila mmoja amekaa nyuma ya chake. Bi Atuganile alisimama juu ya kigogo akaanza kunadi kwa dhati, kama anavyonadi hisa yoyote. Gurudumu la chuma, halina kutu, mwenyewe ni Mzee Polikarp, anataka fahali mmoja. Nani analitaka?

Watu walitazamana. Mmoja akauliza, “La kufanyia nini?” Kicheko kikapita. Bi Atuganile hakutabasamu. Akanadi mkanda. Akanadi mdomo, akanadi bomba. Akazunguka, akarudi kwenye gurudumu. Mzee Polikarp mwenyewe akaanza kupunguza, kutoka fahali mpaka mbuzi, kutoka mbuzi mpaka jogoo. Jua likapanda. Mtu mmoja akasema jogoo wake angalau huwika. Hata kicheko kiliisha. Watu walikuwa wamekaa na vyuma vyao, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba jambo limeanza kuingia.

Hapo Bi Atuganile akashuka kigogoni. Akasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake, kwamba alitaka waelewe haraka akawaonyesha chuma, na kwamba hakuwahi kuwauzia chuma. Aliwauzia kusaga, na kusaga hakukatiki vipande. Mtu wa Tukuyu, mgeni, mwanamke, anaomba radhi kwa wazee wa Kifipa nje ya kanisa. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Aliyemaliza mkutano ni Bertilla. Alitoka nyuma akiwa na debe la ulezi kichwani na hendeli yake mkononi. Akalitua debe katikati ya mikeka. Akawageukia wanaume. “Haya, wenye mali,” alisema. “Nani kati yenu anisagie?” Akaitupa hendeli chini, kando ya debe, akakunja mikono.

Mzee Polikarp alikuwa wa kwanza kuinuka. Alilisimamisha gurudumu lake akaanza kulisukuma kuelekea barabara kuu, kati ya vijiji vyote vitatu, pale ambapo lori la dizeli huweza kufika, na wote tukaelewa kwamba mabishano ya mashine isimame kijiji kipi yamekwisha. Vijana walikwenda na mkokoteni kuchukua tumbo la injini. Mimi nilivua koti la Jumapili.

Msidhani iliwaka. Nilifunga kila kitu, nikakuta nozeli haipo, kile kidude kidogo kinachopulizia dizeli ndani ya injini. Mwenyewe alikuwa kijana aitwaye Gaudensi, na Gaudensi alikuwa ameteremka ziwani, Wampembe, kuvua kwa wajomba zake. Mawingu yalikwisha anza kujikusanya. Nikasema tuagize nyingine Dar es Salaam. Enzi hizo kuagiza kipuri Dar ilikuwa sawa na kumwandikia barua marehemu. Bi Atuganile alipata lori la kwenda Namanyere, na kutoka huko alishuka ule mteremko wa ziwa kwa miguu, baiskeli ameiacha juu, sanduku lake la hati kichwani kwa sababu hakuwahi kumwamini mtu alibebe.

Alimkuta Gaudensi ufukweni akitengeneza nyavu. Nozeli ilikuwa imefungwa kwenye wavu, ni chubwi, inauzamisha vizuri sana. Gaudensi hakuwa mbishi, lakini alieleza kwamba chuma cha uzito ule Wampembe hakipatikani na yeye ana familia ya kulisha. Bi Atuganile alinisimulia baadaye, huku anacheka mpaka machozi, kwamba katika vipande vyote vya mashine ile hicho peke yake ndicho kilichokuwa na bei sokoni. Hakubishana na soko. Alilifungua lile sanduku la hati, akalitoa kufuli lake kubwa la shaba, ambalo Umoja ulilinunua kwa mbwembwe, akalipima mkononi pamoja na nozeli, Gaudensi naye akapima. Wakakubaliana. Tangu siku hiyo sanduku la hisa za Umoja limefungwa kwa kamba ya katani, na hakijapotea kitu.

Aliporudi Mwazye alikuwa amepoteza kucha mbili za miguu. Nilifunga nozeli asubuhi. Bertilla akazungusha hendeli mwenyewe, hakuruhusu mtu. Mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka sikusikia kama nati zangu zimekaza. Debe la kwanza lilikuwa la Bertilla. Mvua ilinyesha siku ya tatu yake.

Kuna wanaosema mjini kwamba Bi Atuganile aliwatisha watu wa Mwazye kwa polisi, na wengine wanasema alilipa vipande vile kwa fedha za Umoja. Wote hao hawakuwepo. Alitumia kazi yake, basi.

Baada ya hapo ametenda mengi ambayo nafasi hainitoshi kuyataja. Vyama vilipovunjwa mwaka 1976 na mashine zetu zikawekwa chini ya vijiji mpaka Umoja ulipofufuliwa juzi juzi, yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila mwenye hisa anaendelea kujulikana kijijini kwake. Alikataa kupandishwa cheo mara mbili kwa sababu cheo kilikuwa na kiti. Alipofiwa na Ndugu Ambwene alirudi kazini mapema kuliko tulivyotaka, na tulipomsema akatujibu kwamba nyumbani kumejaa kimya. Amemfundisha kazi Bi Margareth, anayemrithi, tena kwa ukali ambao Margareth atausamehe pole pole. Na wanawake wenye hisa, ambao mwanzoni wangeenea kwenye benchi moja, leo ndio wengi katika kila mashine tuliyo nayo.

Nimalize na kazi yake ya mwisho, ambayo ameifanya mwezi huu huu wakati wenzake wastaafu wanashona suti. Mzee Polikarp alifariki wakati wa kwaresima. Aliacha hisa moja na wana watatu wa kiume, na kila mmoja aliitaka. Walikuja ofisini wakiwa hawasalimiani. Bi Atuganile aliwasikiliza wote, kisha akawauliza ni nani anayepeleka nafaka mashineni. Wote watatu walijua. Ni dada yao, Silvana, aliyemtunza mzee mpaka mwisho. Ilichukua safari kadhaa na maneno mengi, mengine si ya kuandikwa kwenye programu ya sherehe, lakini wale kaka walikubali, na wote wanne wakaenda Mwazye kusimama mbele ya mashine.

Nilikuwepo, nimetoka kubadilisha mkanda, na mashine inanguruma. Silvana aliweka mkono juu ya mashine. Tangu ile Jumapili Bi Atuganile huuliza kila mwenye hisa mpya swali moja kabla ya kumpa kalamu, naye akamwuliza: “Hisa yako iko wapi?” Kaka zake walianza kutazama huku na huku, kwenye mkanda, kwenye mdomo, na mdogo wao alikuwa amekwisha nyoosha kidole kwenye gurudumu. Silvana hakutazama popote.

“Haionekani, Mama,” alisema. “Inasikika.”

Bi Atuganile alimpa kalamu, akageuka upande wa barabara, akijifanya anaangalia baiskeli yake.

Mama Atuganile, kwa niaba ya wafanyakazi wa Umoja na ya kila mtu anayekula unga katika tambarare hii, asante. Ulitufundisha kusimama kati ya watu wawili bila kumwibia hata mmoja, na ukikosea, kushuka kigogoni ukasema. Tunakuombea afya, miguu iliyopumzika, wajukuu wasiokuchosha, na mkungu wa ndizi hata mmoja kabla upepo haujaamka. Mashine tutazilinda, wala usigeuke njiani kuangalia. Nenda salama, Mama, uishi kwa furaha miaka mingi.